Chupa ya Wageni

Nyumba nyingi za Kitengela zina chupa mbili za chai, na ile isiyo na mbili inajipanga kununua ya pili. Moja hukaa jikoni. Imechubuka, mshikio wake umefungwa kwa kamba, na watoto hujimiminia wenyewe. Hiyo ni ya Kenya. Nyingine hukaa sebuleni ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, na mtoto akiigusa anachapwa. Hiyo ni ya ng'ambo, na ni ya wageni. Sikuwahi kujiuliza utaratibu huo ulitoka wapi mpaka mwaka wa 2003, nilipopata kibarua cha kupita nyumba kwa nyumba nikiwauliza watu habari zake. Tangu hapo, nikiona chupa ya chai juu ya kitambaa, nachoka tu.

Kibarua chenyewe nilikipata kupitia kwa mume wangu, Kiilu. Mimi nilikuwa nimeachishwa kazi ya kushona suruali kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, na nilikuwa nyumbani nikigombana na vumbi. Yeye alikuwa kwenye kiwanda cha plastiki hapo Athi River, kile ambacho siku hizi ni ghala. Walitengeneza ndoo, sahani na chupa za chai. Kazi yake ilikuwa kukwangua vifuniko. Kifuniko kikitoka kwenye mashine huwa na ukingo wa plastiki iliyozidi, mkali wa kukata mdomo, na kwa kuwa kifuniko cha chupa ya chai ndicho kikombe chake, ni lazima ukingo huo uondolewe. Kiilu alikishika kwa mkono wa kushoto, akakizungusha kwenye wembe uliokuwa mkono wa kulia, akakitupa ndani ya kreti, akachukua kingine. Hivyo tu, kutwa nzima. Aliianza kazi hiyo kabla hajanioa, wakati vitu vya nje vilikuwa adimu na wenye maduka waliamka mapema kungojea lori la kiwanda. Kisha serikali ikafungua soko, na ile miaka ya tisini haijaisha, vitu vya ng'ambo vilikuwa vimemwagika mpaka vinauzwa juu ya gunia kando ya barabara ya Namanga. Lori la kiwanda likaanza kurudi na mzigo wake.

Ofisi ya mauzo ilikuwa inatafuta wanawake wasioogopa kupiga hodi kwa watu wasiowajua. Kiilu akasema bibi yake haogopi mtu. Hilo alilisema kama sifa, ingawa nyumbani hulitaja kwa sauti nyingine.

Aliyenipokea aliitwa Wanjira. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniwekea mbele chupa mbili za buluu zenye picha ya ndege weupe.

"Mama Mwongeli, angalia hizi. Ni modeli mpya, haijaenda sokoni. Unaona tofauti gani?"

Nikaziangalia. Sikuona tofauti. Nikafanya kile ambacho ningekuja kuona kila mtu akikifanya: nikazipindua. Chini ya moja palikuwa na karatasi ndogo imeandikwa Made in Japan. Chini ya nyingine, Made in Kenya.

"Zote mbili ni zetu," Wanjira akasema. "Mashine moja, siku moja. Hiyo ya Japan ni karatasi tu tumebandika. Unampea mtu zote mbili ashike, unamuuliza maswali haya, unaandika vile amesema. Lakini usiambie mtu siri hiyo mpaka ajibu. Sawa?"

"Sawa. Na mkijua, mtafanya nini?"

Akajikuna shingo. Angeweza kunidanganya na mimi nisingejua, kwa hivyo namshukuru kwamba hakunidanganya. "Watu wakisema wanataka ya nje, mkubwa atazima mashine za chupa. Ni rahisi kuagiza kutoka China zikiwa tayari."

"Lakini hapa mmeandika Japan."

"Ukiandika China watazikataa. Mkubwa atatafuta jina la kuweka." Akanyoosha miguu. "Bwana yako ako kwa vifuniko, si ndio?"

"Ndio."

"Basi omba Mungu," akasema, na akanipa mfuko wa kubebea.

Nikaanza na jirani yangu Nasike, mtu wa Bungoma, ambaye mume wake alikuwa na kazi ya ofisi Nairobi. Nasike ni mtu mwema na mdomo wake hauna kufuli. Alizishika zile chupa, akazipindua, na alipoona Japan akapiga kofi.

"Woi! Hii ni Japan original! Phylis, umetoa wapi?"

Nikamwambia atulie, ni kazi. Nikamuuliza ipi inaonekana imara zaidi. Japan. Ipi itaweka chai moto kwa muda mrefu. Japan. Alijuaje? Akasema inaonekana tu. Mimi nikageuka nikaiangalia ile ya kabatini kwake, ndefu, ya rangi ya dhahabu, aliyoletewa na shemeji kutoka Dubai.

"Na ile yako, inaweka chai moto?"

"Ile? Ile kioo ya ndani ilivunjika tukitoka ushago, kule Bungoma."

"Sasa wageni wakikuja unawapea chai na nini?"

"Chai inakaa kwa ile ya jikoni. Nikisikia geti imelia, namwaga haraka haraka kwa hii ya Dubai, naleta sitting room. Hakuna mtu amewahi kujua."

"Kwa hivyo ile ya Kenya ndio inafanya kazi."

"Inafanya! Hiyo nilinunua kabla nizae huyu wa kwanza. Hata sijui itakufa lini."

"Sasa, Nasike, kati ya hizi mbili ungenunua gani?"

"Japan." Akaniangalia kwa huruma. "Utawekea pastor chai kwa kitu ya Kenya?"

Nikaandika. Nilicheka nikiwa kwake, na nilipotoka nje kicheko kikaniishia njiani. Ile chupa ya jikoni kwa Nasike ilikuwa imetoka kiwandani kwao Kiilu. Niliijua kwa mshikio wake, wa mtindo wa kiwanda hicho.

Niliendelea hivyo, mlango baada ya mlango. Wengine walinikaribisha, wengine walinichungulia dirishani wakadhani nauza dawa za mitishamba. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aitwaye Ondiek, alinipa moyo sana. Alisimama kabisa, akanihutubia kuhusu kujenga taifa, kwamba nchi isiyonunua vitu vyake inawapikia majirani. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Akaniagiza niandike Kenya kwa herufi kubwa. Nikaandika. Nikafunga mfuko. Ndipo akashusha sauti mke wake asisikie:

"Lakini hiyo ya Japan, mama, hauwezi kuniachia? Nitakupea kitu."

Swali la mwisho kwenye karatasi lilikuwa lile la ungenunua ipi, kwa hivyo ilibidi nifungue mfuko tena. Nilikata ile Kenya ya herufi kubwa, na Mwalimu hakuonekana kujali.

Kajiado mjini ndiko nilikotumwa kumalizia. Huko nilikwenda kwa mwenye duka karibu na soko, Lesiamon, kijana mtanashati mwenye shuka begani na simu mpya mkononi.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikajibu. Hapo maneno yangu ya Kimaasai yakawa yameisha, tukaingia Kiswahili.

Lesiamon hakuhitaji kufikiri. Alizipindua chupa hata kabla sijamaliza kueleza. Ile ya Kenya akaanza kuikwangua kwa ukucha.

"Usibandue!" nikapiga kelele.

"Pole, pole, ni mazoea." Akacheka. "Mimi vitu ya Kenya nikileta hapa, kwanza nabandua hiyo karatasi. Mteja akiuliza, nasema sijui, ilikuja na meli. Akisoma Kenya anarudisha kwa shelf."

"Hata kama ni nzuri?"

"Mama, sikia. Mzee anakuja hapa ameuza ng'ombe. Niko na kitu imetengenezwa Athi River. Huyo mzee Athi River anaijua, anapeleka ng'ombe hapo kila wakati. Ananiambia, hiyo mahali mimi najua, hakuna kitu huko, ni vumbi na harufu ya simiti. Ananiambia, nipatie kitu ya mahali sijafika." Akanirudishia chupa. "Ambia watu wako waache kuandika. Waache tu hapo tupu. Nitawauzia zote."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi?" Akajishika kifua. "Japan, mama. Niko na wageni."

Nilikaa kwenye benchi nje ya duka lake, nikanunua soda, nikashindwa kuinywa. Nitasema vile nilivyohisi: nilikasirika. Niliwakasirikia wote, kuanzia Nasike na uhodari wake wa kumwaga chai mpaka Mwalimu na hotuba yake. Na nikajikasirikia mwenyewe, maana nyumbani kwangu, mke wa mkwangua vifuniko, nilikuwa na chupa ya Kijerumani kabatini iliyonunuliwa mitumba, na ile ya kiwandani waliyompa Kiilu Krismasi ilikuwa jikoni karibu na mafuta taa. Ningeweza kukaa pale nikajaza Kenya kwenye karatasi zote. Sikufanya hivyo, wala si kwa utakatifu. Wanjira alikuwa amesema angerudi kwa baadhi ya watu kuhakikisha.

Nilikuwa nimebakiwa na karatasi moja tupu. Nikafikiri: katika karatasi zote hizi hakuna Kenya hata moja. Iwapo moja itapatikana, ya kweli, isiyopikwa, Wanjira atakuwa na kitu cha kumwonyesha mkubwa. Na nilimjua mtu mmoja ambaye angeisema bila kuombwa. Nilikatazwa kumwambia yeyote siri ya karatasi kabla ya kujibu. Sikukatazwa kumuuliza mume wangu.

Jumapili tulipotoka kanisani na kula, nikamtuma Mwongeli kwa Nasike akacheze, nikazipanga chupa mbili juu ya meza.

"Ni nini?" Kiilu akauliza.

"Ni ile kazi yangu. Umebaki wewe."

"Mimi pia nitaulizwa?" Akanyanyuka kwenda kunawa mikono tena, ingawa alikuwa amenawa. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Kule kiwandani hawakuwa wamewahi kumuuliza jambo lolote isipokuwa kwa nini amechelewa.

Nikampa ile ya Kenya kwanza. Akaipindua, akasoma, akaguna.

"Hii ni ya kwetu. Sijaiona ikiwa imevalishwa kila kitu, sisi tunaona vifuniko tu, lakini ni ya kwetu."

Akafungua kifuniko. Hakukipapasa kwa kidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa wembe wa miaka yote ile. Alikipeleka mdomoni, akakizungusha polepole kwenye mdomo wa juu.

"Hapa kuna kitu," akasema. "Imenikwaruza."

Nikakichukua, nikakiweka mdomoni mwangu. Kilikuwa laini.

"Sioni kitu, Baba Mwongeli."

"Wewe hujui. Hii ilifanywa jioni. Jioni mtu amechoka, anaachilia tu ipite. Mimi mwenyewe naachilia." Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikampa ile ya pili. Akaipindua. Aliposoma, akakaa vizuri kwenye kiti. Akafungua kifuniko, akakizungusha mdomoni mara moja, akarudia, akafumba macho.

"Ona sasa," akasema polepole. "Ona hii kazi. Hakuna mahali imeruka, hakuna mahali wembe umesimama. Huyu mtu hakuwa na haraka." Akanionyesha ukingo kwenye mwanga wa mlango. "Hawa wanalala, Phylis. Hawa wanapewa chakula cha mchana. Ukiwa umelala ndio unaweza kukwangua hivi."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikuandika kitu. "Ukiwa na wageni, utatoa ipi?"

"Japan."

"Na kununua?"

"Kama pesa iko, Japan. Ukweli ni ukweli."

Sijui kama niliwahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mume wangu dakika hiyo. Wale wengine niliwaelewa. Kwa huyu nilikuwa nimeweka tumaini langu lote. Na alikuwa amekaa pale na uso wa amani, ameridhika kwamba amejibu vizuri.

"Zote mbili ni zenu," nikasema.

"Nini?"

"Zote mbili zimetoka Athi River, mashine moja. Hiyo Japan ni karatasi wamebandika. Wanjira mwenyewe aliniambia. Wanataka kujua watu watasema nini, na wakisema ya nje ni bora wanazima mashine za chupa. Unaelewa? Watazima. Na sijapata mtu hata mmoja wa kusema Kenya."

Kiilu akaiweka chupa na kifuniko chake mezani. "Hiyo ya kuzima nimesikia," akasema. "Hata fundi wa mashine ameanza kutafuta kazi Mlolongo."

"Basi sema Kenya."

"Nidanganye?"

"Si uongo!" Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Hicho kifuniko unachosifu umekikwangua wewe. Ni wembe wako. Mnakwangua wangapi kwenye zamu yenu?"

"Niko peke yangu siku hizi."

"Sasa ni nani mwingine?"

Akakichukua kifuniko tena. Akakipeleka mdomoni kwa mara nyingine, akakizungusha, na nikaona uso wake ukibadilika, nikaona anataka iwe hivyo. Alitaka sana. Nje Nasike alikuwa akimwita Mwongeli aje achukue ndizi, na mimi niliomba asiingie kwetu wakati huo.

Kisha Kiilu akatikisa kichwa.

"Wamekudanganya," akasema kwa upole, kwa sauti anayotumia mtoto akiwa mgonjwa. "Hii ni ya Japan. Wameleta moja, wakatengeneza yetu ifanane nayo. Watu wa ofisi ndivyo wanafanya."

"Kiilu, nimeambiwa ana kwa ana."

"Phylis." Akakifunga kifuniko juu ya chupa, akahakikisha kimekaa. "Nimekaa hapo miaka yote hiyo. Kama mimi ningekuwa naweza kutengeneza kitu kama hii, si mtu angekuwa ameniambia?"

Nilitafuta siku moja ambayo msimamizi, au mkubwa, au mimi mwenyewe niliyekunywa chai kwenye vifuniko vyake tangu tuoane, tuliwahi kumwambia. Sikuipata.

"Mimi nakuambia leo," nikasema. "Umefanya kazi nzuri. Hiyo ni kazi yako."

"Wewe ni bibi yangu," akasema, na akatabasamu ili nisijisikie vibaya. "Andika tu vile nimesema. Usije ukaharibu kazi ya watu."

Nikakaa, nikaandika Japan. Alinitazama nikiandika mpaka mwisho, kisha akauliza kama jina lake litaonekana kwenye karatasi, maana hakutaka mkubwa afikiri amesema vibaya kuhusu kiwanda. Nikamwambia halitaonekana.